Friji ya Muuza Maziwa

Kiangazi kile, nyumbani kwa fundi wa friji kila siku ilianza kwa makelele. Kabla jua halijafika juu ya bati, mama alikuwa ameshagomba mara mbili, baba mara moja, na Pilipili amenuna kiasi cha kuwatosha wote. Kisulisuli peke yake ndiye aliyekuwa akicheka.

Kisulisuli alikuwa na miaka miwili na nusu. Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa vizuri kwenye cheti cha kuzaliwa, lakini nani alikuwa na muda wa kulitumia? Mtoto ambaye sasa hivi yuko mlangoni, ukipepesa macho yuko juu ya meza na mkasi mkononi, utamwita nini kama si Kisulisuli? Katika wiki moja ya likizo alikuwa ametumbukiza kiatu cha baba kwenye pipa la maji ya kunywa, amejipaka unga kuanzia utosini hadi kwenye kucha za miguu, na amepanda ngazi ya mpaka rangi aliyekuwa akipaka nyumba ya jirani hadi kipandio cha tano. Walipomshusha alilia, wala si kwa woga. Alilia kwa sababu hakufika juu.

Dada yake, Pilipili, alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye jina hilo alibandikwa na wenzake shuleni, maana alikuwa mwepesi wa hasira, na hasira zikimpanda, pua humtutumka na maneno humtoka moja kwa moja bila kupitia kichwani. Likizo hiyo alikuwa na sababu ya kukasirika kila siku, na sababu yenyewe ilikuwa na miguu miwili mifupi na haikujua kutulia.

Chumba cha mbele kilikuwa cha mama, mshonaji wa sare za shule. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki mbili, na marundo ya vitambaa vya bluu yalikuwa yamepanda hadi dirishani. Ndani ya chumba hicho mlikuwa na cherehani, pini, mikasi na pasi ya moto. Si mahali pa mtoto. Uani kulikuwa na karakana ya baba. Kule nako kulikuwa na friji mbovu zimesimama kwa mstari, nyaya, misumari na mitungi ya gesi. Si mahali pa mtoto pia. Basi mtoto akabaki mgongoni kwa Pilipili, ama mkononi, ama mbele yake akikimbizwa.

"Kwani mimi ndiye niliyemzaa?" Pilipili alilalamika siku moja.

"Rudia!" mama alisema, mguu ukiwa umesimama juu ya kanyagio la cherehani.

Pilipili hakurudia. Alimjua mama yake.

Kazi ya karakana ilikuwa imezidi mwaka huo. Joto likizidi, friji huharibika, na friji zikiharibika, wenye friji nao huharibika. Watu waliokuwa wapole mwezi uliopita sasa walikuja wakifoka, majasho yakiwatiririka, kila mmoja akitaka yake itengenezwe kabla ya ya mwenzake. Baba naye akawafokea, akaifokea gesi, akaifokea bisibisi iliyoanguka. Jioni alikuwa hana sauti.

Hata hivyo, karakana ile ilikuwa na sheria moja ambayo haikubadilika, watu wafoke wasifoke. Baba aliiita "mlango kwanza". Friji yoyote ikiingia uani, ikishatolewa rafu tu, hufungwa mkanda kabla ya kuguswa kitu kingine. Mikanda yenyewe ilikuwa ya mpira, imekatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu za baiskeli. Unauzungusha mkanda kwenye friji nzima, mlango ukiwa umefungwa, unauvuta kwa nguvu, unapiga mafundo mawili. Friji ikifunguliwa kwa kazi, haiachwi mpaka mkanda umerudi.

"Friji tupu ni sanduku," baba alizoea kusema. "Na sanduku lenye mlango halina huruma na mtoto."

Kazi ya Pilipili ilikuwa kutoa rafu na droo za friji zilizoingia, kuziosha kwa maji ya sabuni, kuzianika, kisha kufunga mkanda. Alikuwa ameifanya kwa miaka miwili na aliijua kama anavyojua kufunga kamba za viatu vyake.

Lakini baba huyo huyo mwenye sheria alikuwa na mchezo wake. Kila alipomaliza kutengeneza friji, aliiwasha, akaiacha ingurume mpaka ipoe, kisha akamwita Kisulisuli. "Haya, fundi mdogo, njoo upime!" Alimnyanyua, akamsimamisha mbele ya friji iliyo wazi, ukungu mweupe ukimpuliza tumboni. Mtoto alifumba macho, akanyoosha mikono na kupiga kelele: "Baidi! Baidi!" Siku nyingine alimkalisha kabisa kwenye rafu ya chini, miguu ikining'inia nje. Baba alicheka, mama akachungulia dirishani na pini zake mdomoni akacheka, hata Pilipili alicheka. Katika joto lile, kicheko hicho kilikuwa ndicho starehe yao. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba mtoto alikuwa anafundishwa kitu.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya mechi. Wasichana wa mtaa wa juu walikuwa wanakutana na wa mtaa wa chini katika mpira wa pete, saa kumi kamili, kwenye uwanja wa nyuma ya soko. Pilipili alikuwa mlinzi. Mwaka uliopita mtaa wa chini uliwafunga na kuwaimbia nyimbo za kejeli wiki nzima, na Pilipili alikuwa amezihifadhi zote kifuani. Alikuwa ameomba ruhusa tangu Jumatatu, na mama alikuwa amekubali kwa sharti moja: mtoto awe amelala na kazi ya uani iwe imekwisha.

Saa sita mchana, muuza maziwa alifika na mkokoteni. Juu yake ilikuwa imelazwa friji nyeupe ya zamani, kubwa, yenye kishikio cha chuma kama cha mlango wa lori.

"Fundi, friji hii imenitia hasara!" alianza kabla hajasalimia. "Maziwa ya jana yote yamechacha! Raba ya mlango imechanika huku chini, baridi yote inavuja. Halafu hicho kitasa, ukifunga mlango hakifunguki mpaka ukivute na kukipiga teke!"

"Iache, nitaitazama kesho."

"Kesho? Kesho nitauza nini, mkojo wa ng'ombe?"

Wakabishana hapo juani huku wakiishusha na kuisimamisha, mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Mwishoni muuza maziwa aliondoka akibamiza geti, na baba akarudi kwenye friji aliyokuwa akiitengeneza katika kibanda chake pembeni mwa ua, kichwa kimeingia nyuma ya mashine yake. "Pilipili! Rafu za hii, kisha mkanda!"

Pilipili alikuwa bado hajamlaza Kisulisuli. Alimbembeleza, akamwimbia, akamtisha, akambembeleza tena. Mtoto alilala saa tisa, kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba cha cherehani, jasho likimtoka hadi kwenye masikio. Pilipili alitoka mbio. Akaitoa kila rafu ya friji ya muuza maziwa, akasugua uchachu wa maziwa uliogandamana huku akizuia pumzi, akazianika ukutani. Mlango wa friji aliuacha wazi kwanza ili ndani pakauke, na harufu ile itoke.

Kukabaki mkanda. Akaenda kwenye msumari ambako mikanda hutundikwa, akakuta msumari mtupu.

Mikanda yote ilikuwa chini. Mmoja ulikuwa umefungwa kwenye kopo la rangi, na kopo limeburutwa kuzunguka uani likawa gari. Mwingine ulikuwa ndani ya ndoo ya maji machafu. Mwingine ulikuwa umekatwa vipande, na Mungu peke yake ndiye anayejua Kisulisuli aliukata kwa nini. Pilipili alisimama akaitazama takataka ile, na machozi ya hasira yakamjaa machoni.

"Mtoto huyu! Mtoto huyu atanimaliza!"

Getini kukasikika mluzi. Ilikuwa ni Twiga, nahodha wao, msichana mrefu kuliko baadhi ya walimu wake. "We Pilipili, unakuja au tukuwekee nafasi mwakani? Waamuzi wameshafika!"

"Nakuja!"

Kutoka kibandani sauti ya baba ikauliza, "Umefunga ile ya maziwa?"

Pilipili aliitazama friji, mlango wazi. Aliitazama ndoo yenye mkanda. Kuutoa, kuusuuza, kuuvuta, mafundo mawili: hata dakika tano hazifiki. Lakini kwa nini yeye? Kwa nini kila kitu yeye? Pua ikamtutumka, na neno likamtoka bila kupitia kichwani.

"Nimefunga!"

"Vizuri. Nenda ukawachape."

Akaenda.

Alicheza siku hiyo kama mtu anayelipiza kisasi. Kila mpira ulioingia kwenye eneo lake aliunyakua. Mapumziko yalipofika mtaa wa juu ulikuwa unaongoza kwa magoli matatu, na Twiga akampigapiga mgongoni akisema, "Leo umekula nini wewe?" Pilipili alikuwa anacheka, chupa ya maji mdomoni, alipomwona mama yake anakuja uwanjani mbio.

Mama hakuwa mtu wa kukimbia. Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni mwake, kiatu kimoja tu mguuni.

"Kisulisuli yuko na wewe?"

"Hapana. Nilimwacha amelala."

"Hayupo! Nimegeuka, mkeka mtupu. Nikafikiri amekufuata wewe!" Sauti ya mama ilipasuka katikati.

Twiga aliutupa mpira. Wasichana wa mitaa yote miwili, wa juu na wa chini, wakatawanyika bila kuambiwa, wakichungulia chini ya meza za soko na nyuma ya magunia. Pilipili na mama wakakimbilia nyumbani. Barabarani walimkuta baba amelala kifudifudi, ameinua mfuniko wa mtaro, mkono mmoja umezama kwenye maji meusi mpaka begani.

"Hamna kitu humu," alisema. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Pipa nimetazama. Chooni nimetazama. Kwa mpaka rangi nimetazama, ngazi na paa."

"Na friji?" mama aliuliza. "Friji je?"

"Friji zote zina mikanda. Hii ya mwisho Pilipili amefunga mwenyewe. Si umefunga, mwanangu?"

Macho ya wote wawili yakamgeukia.

Mtu asiyewahi kudanganya hawezi kujua dakika ile ilivyokuwa. Pilipili aliuona uongo wake umesimama kati yao na uani, na kwa sababu yake baba alikuwa anapekua mtaro badala ya kupekua friji. Alitaka kusema. Hakuthubutu. Akiogopa nini? Aliogopa hasira ya baba. Aliogopa kugombezwa mbele ya watu.

"Ni... nitaangalia tena," alisema, akakimbia peke yake kuingia uani. Aliwaza kwamba kama mtoto yumo, atamtoa kimyakimya, na hakuna atakayejua.

Mlango wa friji ya muuza maziwa, ule aliouacha wazi, ulikuwa umefungwa.

Mbele yake, chini, kulikuwa na ndara moja ya mtoto.

Alikirukia kishikio cha chuma. Akakivuta kwa mikono miwili. Hakikusogea. Akakipiga teke, akavuta, akapiga teke tena mpaka kidole cha mguu kikatoka damu. Akabandika sikio kwenye bati lile lililokuwa na moto wa jua. Kimya. Kisulisuli, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, alikuwa kimya.

Hapo ndipo hofu ya kugombezwa ilipomtoka yote.

"BABA! Sikufunga! Nilidanganya, sikufunga! Yumo humu, baba, haufunguki!"

Baba alifika na mtaimbo mkononi. Hakumtazama hata kidogo. Alichomeka ncha ya mtaimbo ubavuni mwa mlango, akaegemea kwa uzito wake wote, akatoa mlio ambao Pilipili hakuwahi kuusikia kwa mwanadamu. Chuma kikalia. Kitasa kikaruka hadi ukutani, mlango ukafunguka, na Kisulisuli akadondoka nje kama nguo iliyolowa.

Alikuwa ameloa jasho mwili mzima. Midomo yake ilikuwa na rangi mbaya na macho yake yalikuwa nusu wazi, hayatazami kitu. Baba alimnyanyua akamkimbiza kivulini. Mama alichovya kitambaa cha sare ya mtu kwenye ndoo, akamfuta uso, shingo, kwapa, huku akimwita kwa lile jina lake la cheti ambalo hakuna aliyekuwa akilitumia. Akamwita mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu mtoto alivuta pumzi ndefu, akakohoa, akakunja uso, akalia.

Akalia, jamani! Akalia kwa sauti ya kuwaamsha wafu, na mama akalia, na Pilipili akakaa chini kwenye vumbi akalia kuliko wote.

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Mwuguzi alimpima mtoto, akamnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kimoja kimoja, akawaambia wasubiri hadi aridhike na hali yake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani, na hakuwaonea haya.

"Mwenye friji alisema raba imechanika?" aliuliza alipoelezwa. "Basi mshukuruni aliyeichana. Kwenye upenyo huo ndiko mtoto alikovuta hewa. Ingekuwa friji nzima, mngekuwa mnanilia hapa, na mimi sina dawa ya hilo."

Jirani mmoja aliyekuwa amewasindikiza alitikisa kichwa. "Ndiyo dunia. Ajali haina kinga."

"Hii ilikuwa na kinga," baba alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa tangu uani. "Kinga yake ni kipande cha mpira na mafundo mawili."

Pilipili aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Waliporudi nyumbani jua lilikuwa linaelekea kuzama, na ukuta bado unatoa joto. Mama alimlaza mtoto kitandani, akatoka uani, akasimama mbele ya baba mikono kiunoni. Pilipili alijua zamu yake imefika. Lakini mama alianza na mwingine.

"Nani alimfundisha mtoto kwamba friji ni mahali pa kupoa? Eeh? Nani? 'Fundi mdogo, njoo upime!' Ameamka na joto, akaenda kule baba yake alikomfundisha!"

"Na wewe ulicheka," baba alisema kwa sauti ndogo.

"Nilicheka! Ndiyo, nilicheka, na najichukia! Nimekaa hatua nne kutoka kwa mwanangu, amenipita mgongoni, nami nashona mifuko ya watoto wa watu!" Akamgeukia Pilipili na kumnyooshea kidole. "Na wewe! Umeulizwa mara ngapi? Mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Ukasema nini?"

"Mara ya kwanza nilidanganya. Mara ya pili niliogopa."

Mama alishusha kidole. Akaingia ndani, na kwa muda mrefu cherehani haikusikika.

 Baba alichukua bisibisi, akaung'oa mlango wa friji ya muuza maziwa kutoka kwenye bawaba, akaulaza chini. Kisha akaenda kwenye friji ya pili, akavuta mkanda wake kuona kama umekaza. Akaenda ya tatu. Akazipitia zote. Pilipili alitamani afoke. Kimya kile kilimchoma kuliko kiboko.

"Baba, nipige basi yaishe."

"Nikikupiga itaisha?" Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kaa hapo. Niambie yote, bila kuruka."

Pilipili akasema yote. Mikanda iliyotapakaa, ndoo ya maji machafu, mluzi wa Twiga, hasira zilizompanda. Akasema hata lile ambalo hakuna aliyelijua, kwamba alipokimbilia uani alitaka kumtoa mtoto kimyakimya ili uongo wake usijulikane. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, akalisema akitazama vidole vyake.

"Ulikuwa na haki ya kukasirika," baba alisema hatimaye.

Pilipili aliinua macho, hakuamini masikio yake.

"Ndiyo. Tumekubebesha mtoto likizo nzima kama vile una mikono minane. Hilo ni kosa letu, na kuanzia kesho litabadilika. Asubuhi nitakuwa naye mimi, kibandani, kamba kiunoni ikibidi. Na ule mchezo wangu wa kumpimisha baridi umekufa leo. Mimi nimemfundisha mwanangu njia ya kaburini huku nikicheka, na hilo nitalibeba mwenyewe." Alijifuta uso kwa kitambaa chenye mafuta. "Lakini sikiliza. Kukasirika hakukumfungia mtoto ndani ya friji. Nani hakasiriki katika joto hili? Mimi nimemfokea mteja leo mpaka kichwa kikaniuma. Ungeniambia, 'Baba, sijafunga, nimechoka, nakwenda kwenye mechi,' ningefanya nini?"

"Ungenigombeza."

"Ningekugombeza! Ningekugombeza mpaka mtaa wa chini wasikie. Kisha ningetoka kibandani, nikafunga mwenyewe. Kugombezwa hakuui mtu, mwanangu. Lakini ulivyosema 'nimefunga', uliniziba macho. Mtoto amepotea, nami nimekwenda kutafuta mtaroni, kwa sababu nilikuamini wewe."

Pilipili alilia tena, safari hii bila sauti. Baba hakumzuia.

Asubuhi iliyofuata muuza maziwa alikuja na mkokoteni wake. Aliiona friji yake haina mlango, mlango umelala chini, kitasa kimepinda kama kidole cha mzee, akaanza kupandwa na hasira. "Fundi! Nimekuletea mgonjwa umeniulia! Nani amefanya huu ushenzi?"

Baba alimtazama Pilipili tu.

Pilipili alisogea mbele. Angeweza kusema ni ajali. Angeweza kusema ni mtoto. "Ni mimi niliyesababisha," akasema. "Niliiacha wazi nikasema nimefunga. Mdogo wangu akaingia, mlango ukamfungia. Baba amevunja ili kumtoa."

Muuza maziwa alisimama na kinywa wazi. Hasira ilimtoka usoni taratibu, ikaja rangi nyingine. "Yuko wapi mtoto?"

"Yule pale."

Kisulisuli alikuwa kibandani, amefungwa kamba laini kiunoni, anajaribu kuing'ata. Muuza maziwa alimtazama sana. Kisha akavua kofia yake, akakuna kichwa. "Nyumbani kwangu," alisema polepole, "nyuma ya zizi, nina friji nyingine kama hii. Ilikufa zamani. Watoto huchezea pale pale." Akageuka ghafla akamfokea baba, "Sasa unaniangalia nini? Nipe mikanda miwili! Haraka! Na hii itengeneze utakapoweza." Akaondoka na mikanda mkononi, mkokoteni akausahau pale pale.

Mchana kabla ya chakula iliingia friji nyingine, ndogo, ya mwenye duka la dawa. Joto lilikuwa lile lile. Twiga alikuwa amepita asubuhi akasema mechi ilivunjika na itarudiwa leo saa kumi, na Pilipili alikuwa ameshaanza kununa kwa kuona kazi inavyoongezeka. Akatoa rafu, akaziosha, akazianika. Akaufunga mlango, akazungusha mkanda, akavuta, akapiga fundo.

"Umefunga?" baba aliuliza kutoka kibandani.

"Nime..."

Akanyamaza. Alitazama mkononi mwake. Fundo lilikuwa moja.

"Bado!" alijibu kwa ukali, pua ikimtutumka. Akavuta mkanda mpaka mpira ukalia, akapiga fundo la pili, akalijaribu kwa mikono miwili, mguu ameukita kwenye friji. Mkanda haukulegea.

"Sasa nimefunga," alisema.

Baba hakutoka kuangalia.